Simba wa Tsavo na zizi la mfugaji

Kila anayepanda basi la Mombasa kwenda Nairobi hupita katikati ya makao ya simba. Kutoka Voi hadi Mtito Andei, mkono wa kulia ni Tsavo Mashariki, wa kushoto ni Tsavo Magharibi, na wengi wetu wakati huo tumelala au tumeinamia simu.

Tukiwataja simba wa huko, huwa tunawataja wale madume wawili wasio na manyoya shingoni, waliowala wajenzi wa reli mwaka 1898. Mafuvu yao yako Chicago, katika makumbusho ya Field. Watafiti waliyachunguza wakakuta mmoja alikuwa na chonge lililovunjika na ugonjwa kwenye mzizi wake. Wakaona huenda maumivu hayo yalimfanya aache nyati na kutafuta windo laini.

Leo anayeliwa sana ni ng'ombe, na anayeangamia ni simba. Hesabu ya kitaifa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilipata simba 2,589 nchi nzima, na duma 1,160. (Duma si chui, jamani. Duma ana michirizi miwili myeusi inayoshuka kutoka machoni kama machozi.)

Kinachonitia hofu zaidi ni sumu. Zamani mkuki ulimuua simba mmoja, na mwenye mkuki alihatarisha roho yake. Siku hizi mtu aliyepoteza ng'ombe hunyunyizia mzoga dawa ya wadudu wa shambani, kisha huenda zake kulala. Simba hurudi kwenye mzoga, tena aghalabu harudi peke yake. Wakifa hao, huja fisi na tai, nao hufa.

Ukimwambia mfugaji huyo kwamba simba ni urithi wa taifa, atakucheka, na mimi sitamlaumu. Mwambie jambo litakalomfaa. Utafiti uliofanywa kwenye ranchi zinazopakana na Tsavo, ukachapishwa mwaka 2004, ulionyesha kwamba simba na fisi huvamia zaidi usiku, ng'ombe wakiwa zizini, ilhali duma hufuata mbuzi na kondoo. Uvamizi uliongezeka miezi ya mvua. Maji yakijaa kila mahali, swala na pundamilia hutawanyika, na kuwawinda huwa kazi. Ng'ombe wako wao wamefungiwa pamoja, mahali pamoja, kila usiku.

Maarifa hayo yana faida yakimfikia mwenye zizi. Ua wa miiba uwe mrefu na mnene, na mlango wake uwe imara, kwa sababu ng'ombe wakinusa simba huvunja ua kwa hofu wakatoka wenyewe. Richard Turere, akiwa bado mtoto kandokando ya Mbuga ya Nairobi, alitengeneza taa zinazowaka na kuzimika kwa zamu, simba wakadhani kuna mtu anazunguka na tochi. Wengine nchini wameiga.

Kule Amboseli, tangu mwaka 2007, mradi wa Lion Guardians umewaajiri vijana wa Kimaasai, baadhi yao waliowahi kuua simba, wawafuatilie na kuwaonya wachungaji wasipeleke mifugo upande fulani. Kila simba humpa jina. Mtafiti naye humtambua simba kwa madoa yaliyo kwenye mizizi ya masharubu, maana hayafanani kati ya simba na simba. Samburu, shirika la Ewaso Lions limewaingiza kina mama katika kazi hiyo, na wanaitwa Mama Simba. Napenda hilo, kwa kuwa mama ndiye hubaki nyumbani na mbuzi wachanga.

Huku kwetu elimu ya wanyamapori mara nyingi huwa safari ya shule: basi, picha, soda, kurudi. Ningependa ifike Maungu na Kasigau, jioni, mifugo ikirudi. Sheria ya mwaka 2013 inaahidi fidia, ikiwamo shilingi milioni 5 kwa familia ya aliyeuawa na mnyama, lakini fidia inayochelewa haimzuii mtu mwenye hasira usiku ule ule.

Mvua za vuli zikikaribia, anayefuga kando ya mbuga akague ua wake mapema. Simba akiua ng'ombe, aache mzoga ulivyo, aupige picha, na aite askari wa KWS kabla nyayo hazijafutika, kwa sababu atahitaji ushahidi huo akidai fidia.