Ekseli ya Nyuma katika Milima ya Bukavu

Gari liondokalo Bukavu, mji uliokaa juu ya rasi za Ziwa Kivu kiasi cha mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, halina njia ya raha: likishika ya Uvira hushuka magenge ya Ngomo hata Kamanyola, katika bonde la Ruzizi, na likishika ya Kamituga kupitia Mwenga hukabili milima ambayo udongo wake, mvua zinyeshapo, huwa tope la kumeza magurudumu. Katika safari za namna hiyo kiungo kitaabikacho mno ni ekseli ya nyuma, kwani gari lipandapo mlima uzani wake pamoja na shehena hurejea nyuma ukailemea.

Hesabu yake ni dhahiri. Injini ya Land Cruiser aina ya 1HZ, yenye silinda 6 na ujazo wa lita 4.2, hutoa nguvu ya msokoto ipatayo nyutoni-mita 285. Tukikadiria kwamba gia ya kwanza huizidisha mara 4, gia nzito ya fowili, yaani ya kuendesha magurudumu yote manne, mara 2, na difu mara 4 tena, imekwisha kuzidishwa mara 32, yaani hupita nyutoni-mita 9,000. Na magurudumu ya mbele yakipoteza mshiko, sehemu kubwa ya adhabu hiyo huiangukia ekseli ya nyuma peke yake.

Ndani ya ekseli kinachokatika ni hafushafti, yaani chuma cha mviringo kizungushacho gurudumu, nayo ikikatika aghalabu hubeba ushahidi wake. Upande mmoja wa mkato huwa laini, una mistari myembamba iliyofuatana, na huo ndio ufa uliotambaa polepole safari baada ya safari. Upande wa pili ni wa chembechembe, na ndipo chuma kilipokatika kwa ghafula. Pengine meno ya ncha yake yamejipinda kama nyuzi za kamba. Dawa ya kwanza ni unene, maana uwezo wa chuma cha mviringo kustahimili msokoto hufuata kipenyo chake kilichozidishwa kwa nafsi yake mara tatu: kipenyo kikiongezwa humusi moja tu, kutoka milimita 30 hadi 36, uwezo huongezeka kwa asilimia 73 hivi.

Lakini kwa njia za Kivu mimi nauthamini muundo kuliko unene. Katika ekseli nyingi za magari mepesi, hafushafti huzungusha gurudumu na papo hapo hubeba uzani wa gari, hata ikikatika gurudumu laweza kuchomoka. Katika ekseli za kazi nzito, uzani hubebwa na habu yenye beringi mbili iliyokaa juu ya mrija wa ekseli, na hafushafti haina kazi ila kuzungusha. Ikivunjika, dereva huvichomoa vipande vyake, akafunga fowili, akajikokota hadi nyumbani kwa magurudumu ya mbele. Mbali na karakana, fadhila hiyo ni kubwa.

Kuipata ekseli ya namna hiyo kwa kuihamisha kutoka gari moja hadi jingine, hata hivyo, si kuchomelea vishikio vya springi tu. Upana, urefu wa propela, pembe ya pinioni, breki na masta silinda yake, vyote sharti vilingane. Na zaidi ya vyote, uwiano wa difu. Difu ya mbele ikiwa 4.11 na ya nyuma 3.70, basi mbele ikienda mita 100 nyuma hutaka kwenda 111, na tofauti hiyo, pasipo tope la kuiachia nafasi, huitesa giaboksi ya fowili mpaka ikapasuka.

Kwa hiyo, ewe mwenye gari, kabla hujalipa fedha yako, mwombe fundi azifungue difu zote mbili, mhesabu pamoja meno ya krauni na ya pinioni: 37 kwa 9 ni 4.11. Zisipolingana, usiinunue ekseli hiyo, hata ikiwa nene namna gani.