Daftari Moja, Mikono Mingi: Biashara ya Programu za Kazi ya Pamoja

Atokaye mjini Kisii kwa barabara iendayo Kisumu hafiki mbali kabla ya kukutana na soko la Nyakoe, ambako mikungu ya ndizi iliyoteremshwa kutoka mashamba ya vilimani hukusanywa, ikapatanwa bei, kisha ikapakiwa katika malori yaendayo miji ya mbali. Ukiifuata safari ya mkungu mmoja utaona kwamba hesabu yake imetawanyika: mkulima huihifadhi moyoni, dalali huiandika katika daftari lake, dereva huikariri njiani, na mnunuzi wa mjini huipokea kwa simu, na jioni, hesabu hizo nne zisipolingana, wasaa mwingi hupotea katika kuulizana ni nani aliyekosea. Taabu kama hii, iliyo kongwe kuliko kompyuta, ndiyo iliyowatajirisha baadhi ya watengenezaji wa programu duniani, kwani bidhaa waiuzayo si nyingine ila daftari moja ambalo watu wengi hulisoma na kuliandika kwa wakati uleule, kila mmoja akiwa mahali pake.

Maarifa haya si ya jana. Tarehe 9 Desemba 1968, huko San Francisco, mtafiti wa kompyuta Douglas Engelbart aliwaonyesha wataalamu wenzake watu wawili walio mbalimbali wakifanya kazi juu ya maandishi yaleyale katika kioo cha kompyuta. Shida iliyobaki ilikuwa ya usuluhishi: wawili wakiubadilisha mstari mmoja katika nukta moja, neno la nani litasimama? Mwaka 1989 watafiti Clarence Ellis na Simon Gibbs walieleza njia ya kuyapatanisha mabadiliko hayo ili nakala zote zifikie mwisho mmoja. Na mwaka 2006 Google ikainunua Writely, programu ambayo juu yake ilijengwa Google Docs ijulikanayo leo na kila mwanafunzi wa chuo.

Lakini siri ya faida ilidhihirika zaidi katika Figma, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2012 na Dylan Field na Evan Wallace kwa ajili ya wasanifu wa programu. Msanifu alipomtumia mwenzake kiungo cha kazi yake, mwenzake aliifungua bila malipo, akatazama, akatoa maoni, na baadaye akataka naye kuandika. Hapo ndipo alipotozwa. Hivyo kila mteja akawa mpiga mbiu asiyelipwa. Kampuni ilipojiandaa kuuza hisa zake mwaka 2025, ilieleza kwamba takriban theluthi mbili ya watumiaji wake hawakuwa wasanifu hata kidogo, na kwamba mapato ya mwaka 2024 yalikuwa dola milioni 749. Kampuni ya programu ya Adobe ilikuwa imekwisha kuiposa mwaka 2022 kwa dola bilioni 20, na posa ilipovunjika Desemba 2023 mposaji alilipa fidia ya dola bilioni moja.

Hata hivyo, si kila aliyetandika jamvi alipata wageni. Google Wave, iliyotangazwa mwaka 2009 kwa shangwe kubwa, ilisimamishwa mwaka uliofuata, kwa kuwa iliwapa watu mahali pa kushirikiana pasipo kuwaonyesha waziwazi kazi ya kushirikiana. Wazee wa Abagusii, wenyeji wa Kisii, wangaliweza kuionya mapema: katika risaga na egesangio, vikundi vyao vya kusaidiana kazi za shamba, majirani walikutana kwa sababu palikuwa na shamba la kulimwa, wala hawakutafuta shamba kwa sababu wamekwisha kukutana.

Afrika Mashariki imeonja matunda ya fani hii. Ushahidi, iliyozaliwa Kenya mwanzoni mwa 2008 katika siku za machafuko yaliyofuata uchaguzi, iliwawezesha raia kutuma habari kwa simu na kuziona zikikusanyika katika ramani moja. Programu hiyo, iliyotolewa huria, ilitumika Haiti baada ya tetemeko la 2010. Kampuni ya Twiga Foods nayo ilianza mwaka 2014 kwa ndizi zilezile, ikiwaunganisha wakulima na wenye vibanda vya Nairobi kwa njia ya simu. Lakini kampuni hiyo ililazimika yenyewe kubeba gharama za maghala na magari, na mwaka 2023 ilipunguza wafanyakazi. Muuza daftari hana mzigo huo, na hapo ndipo tofauti ya rasilmali ilipo.

Je, daftari la namna hii likiletwa Nyakoe litapata wanunuzi? Vikwazo ni viwili. Cha kwanza ni mtandao, ambao hufifia mabondeni. Basi sharti programu ikubali kuandikwa bila intaneti na kuyapatanisha maandishi pindi mawasiliano yarejeapo, kazi ambayo ni ghali kuitengeneza na ambayo mteja haioni. Cha pili ni kizito zaidi, nacho ni kwamba si kila mtu atamani hesabu ionekane. Aghalabu faida ya dalali hukaa katika pengo baina ya bei ya shambani na bei ya mjini, na mkulima akiisoma bei ya mjini katika kioo kilekile, pengo hilo litaanza kudaiwa maelezo. Fauka ya hayo, Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 yamlazimu mwenye programu kuwa na haki ya kisheria ya kutumia habari za watu, na kuzihifadhi kwa amana.

Kwa hiyo mfanyabiashara wa programu atakayefika sokoni hapa asianze kwa kumwendea dalali, bali kwa mwenye lori, ambaye hana bei ya kuficha na ambaye hupata hasara kila gari lisimamapo likingoja watu wakubaliane idadi. Amtoze huyo kwa kila safari, mkulima atazame bure, na ukurasa wa kwanza uonyeshe idadi ya mikungu peke yake. Safu ya bei ingoje mpaka wenye mikungu waiulizie wenyewe, nayo siku hiyo itakuwa na mnunuzi.