Je, Wajua? Dawa ya Mti Iliyozikwa Rufiji

Je, wajua kwamba vanishi iliyong'arisha piano na magari ya farasi ya Ulaya na Marekani katika karne ya 19 ilichimbwa kwa majembe kwenye mchanga wa Rufiji? Ni sandarusi, utomvu wa msandarusi (*Hymenaea verrucosa*), ndugu wa mbali wa mkwaju. Watu wa Uzaramo na wa bara ya delta ya Rufiji, ikiwemo sehemu ambayo leo ni Wilaya ya Kibiti, walichimba, Unguja ikauza. Wanunuzi wakubwa walikuwa wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, hasa baada ya Sultani Seyyid Said kutiliana mkataba na Marekani mwaka 1833.

Mti wenyewe, bila shaka, haukujali piano. Gome likipasuka au likitobolewa na mdudu, utomvu huchuruzika, ukaziba jeraha na kumnasa mvamizi. Umejaa kemikali ziitwazo terpeni. Zile nyepesi hurukia hewani, nazo ndizo harufu. Zile nzito, diterpeni, hubaki na kushikamana hadi zikawa ngumu. Mojawapo ya hizo nzito wanakemia wameiita asidi ya zanzibari. Unguja ikapata jina, Rufiji ikabaki na mashimo.

Usidharau zile nyepesi. Miti ya jenasi hii ina kariofileni, ambayo imo pia katika karafuu na pilipili manga. Jenasi yenyewe ina makao makuu Amerika. Msandarusi wetu ndio spishi pekee iliyoko upande wa Afrika. Kule Amerika ya Kati wako sisimizi wakata majani, ambao hawali jani bali hulipeleka shimoni kuoteshea kuvu, na kuvu ndiyo chakula chao. Majani ya binamu wa msandarusi huyakwepa. Mwaka 1983 watafiti walieleza sababu: oksidi ya kariofileni iliyomo majanini huiua kuvu ile. Mti haumpigi mdudu. Unaliua shamba lake.

Je, wajua kwamba sandarusi bora ilipatikana mahali pasipo na msandarusi hata mmoja? Ilikuwa ya misitu iliyotoweka zamani. Wengine walidhani ni ya mti mwingine kabisa, mpaka miaka ya 1860 John Kirk, tabibu na mtaalamu wa mimea aliyekuwa Unguja, alipoonyesha kuwa sandarusi ya chini na ya mtini zina mama mmoja: ndani ya vipande vilivyochimbwa mlikuwa na majani na maua ya msandarusi. Iliyo changa, chakazi, ilikuwa na bei ndogo. Iliyokomaa ardhini ilikuwa ngumu kiasi kwamba mafundi wa vanishi waliiyeyusha kwanza kwa joto la nyuzi 300 hivi ndipo ikubali kuchanganyika na mafuta ya kitani. Ikioshwa kwa magadi, ngozi yake hutoka na vipele kama vya kuku aliyenyonyolewa.

Ukiuziwa kipande chenye mdudu ndani ukaambiwa ni kaharabu ya mamilioni ya miaka, dondoshea tone la spiriti. Kaharabu haishtuki. Sandarusi changa hunata kidoleni.