Barua ya Mwalo: Namna Uaminifu Unavyosafiri katika Mtandao Usio na Kitovu

Tangu Daraja la J. P. Magufuli lilipofunguliwa tarehe 19 Juni 2025, safari ya kutoka Kigongo hadi Busisi, kuvuka Ghuba ya Mwanza, imekuwa ya dakika chache tu. Kabla ya hapo msafiri alivushwa kwa kivuko, na aghalabu alikaa gatini muda mrefu akingoja zamu yake. Kungoja huko kuliudhi, lakini kulikuwa na faida moja ndogo: mgeni aliyekaa gatini alipata kuulizwa anatoka wapi, ni wa nani, na anakwenda kufanya nini.

Wavuvi wa Ziwa Viktoria hawakutegemea maswali ya gatini pekee. Samaki hawakai mahali pamoja, na wavuvi nao huhama kutoka mwalo hadi mwalo kwa kuwafuata. Vikundi vya Usimamizi wa Rasilimali za Uvuvi, maarufu kwa kifupi cha BMU, ambavyo vilitambuliwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003, hutumia desturi iliyozoeleka vijijini, yaani barua ya utambulisho. Mvuvi atokaye upande wa Busisi kwenda Ukerewe hutakiwa kuwa na barua ya mwalo wake, yenye jina, sahihi na muhuri, ili wenyeji wa huko wajue kwamba hakukimbia kesi wala hakutoroka na nyavu za watu. Asiye na barua huweza kukosa mtumbwi wa kupanda, na asiyepanda mtumbwi hana cha kupeleka nyumbani.

Mpango huu una sura inayostahili kuchunguzwa na mwanafunzi wa sayansi. Hakuna ofisi moja inayomjua kila mvuvi wa ziwa hili. Kila mwalo unawajua watu wake, kisha unawadhamini kwa mwalo mwingine. Mitandao kadhaa ya kijamii katika kompyuta imejengwa vivyo hivyo. Mastodon, kwa mfano, ulioanza mwaka 2016, si mali ya kampuni moja yenye mtambo mmoja. Ni maelfu ya mitambo inayoendeshwa na vikundi mbalimbali, na mitambo hiyo huwasiliana kwa kanuni ziitwazo ActivityPub, zilizopitishwa na shirika la viwango vya wavuti, W3C, Januari 2018. Kila kikundi huamua chenyewe nani apokewe. Mwanachama mwema wa kikundi kimoja akigonga hodi kwingine, huonekana mgeni kabisa, sawa na tapeli aliyejisajili jana. Ndiyo sababu wataalamu wanatafuta namna ya kuandika barua ya mwalo itakayosomwa na mitambo yote.

Shida ya kwanza ni kughushi. Muhuri wa mpira huweza kuchongwa na fundi yeyote. Katika kompyuta, muhuri ni hesabu. Njia moja maarufu ilibuniwa mwaka 1977 na Rivest, Shamir na Adleman, nayo yaweza kujaribiwa ubaoni. Zichukuliwe namba tasa 3 na 11, ambazo zao lake ni 33. Mwalo una ufunguo wa siri, 7, na ufunguo wa wazi, 3, ambao umetangazwa kwa wote pamoja na ile 33. Ikiwa ujumbe ni namba 4, mwenyekiti huipandisha kwa kipeo cha 7, akapata 16,384. Akigawanya kwa 33, hubaki 16. Hiyo 16 ndiyo sahihi. Mpokeaji huipandisha 16 kwa kipeo cha 3, akapata 4,096; akigawanya kwa 33, hubaki 4, yaani ujumbe wenyewe. Laiti mtu angeibadili 4 kuwa 5 njiani, hesabu isingekubali. Bila shaka kila mwanafunzi aweza kuvunja 33 kuwa 3 na 11, na hivyo kuupata ufunguo wa siri. Kwa hiyo katika matumizi halisi namba hiyo huwa na tarakimu zaidi ya 600.

Hesabu hiyo, hata hivyo, huthibitisha tu nani aliyetia sahihi na kwamba maandishi hayakuguswa. Haisemi kama yaliyoandikwa ni kweli, wala maana yake. Barua ikisema "huyu ni mwaminifu", mwalo mmoja huenda ukakusudia kwamba hana deni kwa mwenye mtumbwi. Mwingine, kwamba hajapata kukamatwa na kokoro. Wa tatu, kwamba ni mtoto wa hapa tu. Huo ndio ugumu hasa, nao haumalizwi na kompyuta yenye nguvu zaidi.

Mwaka 1994 Kenya, Uganda na Tanzania zilitia saini mkataba ulioanzisha Shirika la Uvuvi la Ziwa Viktoria, lenye makao yake Jinja, ili kuoanisha taratibu za ziwa moja lenye serikali tatu. Kwa upande wa kompyuta, W3C ilipitisha muundo wa hati za uthibitisho mwaka 2019, na toleo la pili Mei 2025. Muundo huo unaweka mahali pa kuandika nani ametoa hati, inamhusu nani, inadai nini, itakwisha lini, na vipi mtu atajua kama imefutwa. Maana ya madai yenyewe umewaachia watumiaji wakubaliane.

Wengine hupendekeza njia ya mkato: sifa zote zijumlishwe kuwa alama moja, kama alama za mtihani. Ni njia mbaya. Barua kumi kutoka mialo kumi ya ndugu wa ukoo mmoja zingehesabiwa kumi, ilhali kwa kweli ni ushahidi wa mtu mmoja. Yafaa zaidi barua itaje jambo mahususi, kama vile "alivua hapa miezi minane, hakuacha deni", kisha mwalo unaopokea uamue wenyewe uzito wa neno la mwalo uliotoa. Yafaa pia isitaje zaidi ya yanayohitajika. Mwenye mtumbwi wa Ukerewe hana haja ya kujua maradhi ya mvuvi wala dini yake.

Limebaki suala la yule aliyenyimwa barua. Mvuvi aliyegombana na mwenyekiti kuhusu mgawo wa samaki huweza kukataliwa bila kosa lolote, na kadiri viwango vinavyoenea ndivyo kukataliwa huko kunavyomfuata mbali zaidi. Zamani angevuka ng'ambo ambako hakuna amjuaye, akaanza upya. Kiwango kinachodai barua kila mahali hakina budi kutaja pia mahali pa kukata rufaa, na mpaka sasa muundo wa hati hizo hauna sehemu iliyotengwa kwa ajili hiyo.