Vitamini D na tumbo la hedhi

Msichana anayejikunja kitandani kila mwezi huambiwa ni chango, avumilie, akizaa litaisha. Ushauri huo umewatesa wengi bila sababu, kwa maana chanzo cha maumivu kinajulikana. Hedhi inapokaribia, ukuta wa ndani wa mji wa mimba hutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini. Hizo ndizo zinazoufanya msuli wake ujikaze ili damu itoke. Zikizidi, msuli hubana mno, mishipa ya damu huminywa, na wengine hutapika au kuharisha. Ibuprofeni hutuliza kwa kuzuia kemikali hizo zisitengenezwe.

Vitamini D nayo inahusika hapa. Seli za mji wa mimba zina vipokezi vyake, na maabara zimeonyesha kuwa inapunguza prostaglandini. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Messina, Italia, walichapisha jaribio la wanawake 40 wenye maumivu makali. Nusu walimeza dozi moja ya yuniti 300,000 siku 5 kabla ya hedhi. Wenzao walipewa dawa bandia. Kwa miezi 2 waliomeza vitamini walipata nafuu kubwa, wala hawakugusa vidonge vya maumivu.

Matokeo yanatia moyo, ila wanawake 40 ni wachache, na dozi ile kubwa ilitolewa na madaktari. Tafadhali, asiende mtu duka la dawa kuiiga. Mtu mzima huhitaji takriban yuniti 600 kwa siku, na asivuke 4,000 bila ushauri wa daktari. Ikizidi hurundikana mwilini, hupandisha kalsiamu kwenye damu na kuumiza figo.

Kuishi kwenye jua peke yake hakutoshi. Ngozi nyeusi hutengeneza vitamini hii polepole, miale ya jua inayoitengeneza haipenyi kioo cha dirisha, na mavazi ya kufunika mwili huizuia. Ndiyo maana upungufu umeenea hata kwa wanawake wa nchi za Ghuba. Samaki wenye mafuta, dagaa, maini na kiini cha yai husaidia kidogo.

Maumivu yanayozidi mwaka hadi mwaka, yasiyosikia dawa au yanayoendelea damu ikishakata, huenda yanatokana na uvimbe kwenye kizazi au endometriosisi, yaani tishu kama za ukuta wa kizazi kuota nje yake. Ultrasaundi huonyesha uvimbe kwa urahisi, lakini endometriosisi mara nyingi haionekani. Kipimo kikitoka safi na maumivu yakabaki, mgonjwa arudi kwa daktari wa wanawake.