Kuvu ya Mmea Usio na Jina

Ndani ya majani na magome huishi kuvu ambazo haziudhuru mmea zinamokaa. Aghalabu hutengeneza kemikali, na baadhi yake zafaa kwa tiba. Mwaka 1999 watafiti wa kampuni ya Merck walitangaza katika jarida la Science kwamba kuvu ya jenasi Pseudomassaria, iliyotolewa katika mmea karibu na Kinshasa, hutoa molekuli waliyoiita L-783,281. Insulini ni protini. Ikimezwa humeng'enywa, ndiyo maana hudungwa kwa sindano. Molekuli hii ndogo, panya wenye kisukari walipoinyweshwa, iliamsha kipokezi kilekile cha insulini na kushusha sukari ya damu. Mpaka sasa haijawa dawa.

Linalotuhusu sisi wa taaluma za lugha ni hili: kuvu ilipewa namba, mmea wake ukaandikwa kuwa haukutambuliwa. (Wenyeji, nadhani, wangeutaja mara moja.) Anayetaka kuitafuta tena ataanzia wapi? Nchi ni hiyohiyo: akusanyaye majani katika miombo ya Sanga, upande wa Kamina, na aulize kwanza jina la Kiluba na la Kiswahili. Jina la kienyeji halitoshi kuutambua mmea kisayansi, lakini humwezesha mtafiti kurudi na kuuliza.