Chenji Ilipokauka Vitani

Kwamndolwa, Korogwe, kama ilivyo kwenye maduka mengi nchini, muuzaji akikosa chenji ya shilingi 100 hukupa pipi. Mteja hunung'unika, akapokea. Lakini konda hapokei pipi, na muuzaji mwenyewe ukimrudishia kesho ili akuuzie kiberiti atakucheka.

Enzi za Mjerumani uhaba ulikuwa wa kutisha zaidi. Rupia moja ilikuwa heller 100, na sarafu ziligongwa Berlin na Hamburg zikaletwa kwa meli. Vita vilipozuka Agosti 1914, manowari za Uingereza ziliziba pwani. Sarafu mpya hazikuja, na za fedha zilizokuwepo watu wakazificha. Dar es Salaam ikachapa noti, hata za rupia moja, lakini noti ya rupia haimsaidii anayenunua chumvi ya heller 5.

Mwaka 1916 karakana ya reli ya Tabora ikageuzwa kiwanda cha sarafu. Mabaki ya shaba, maganda ya risasi na mizinga yakiwemo, yaligongwa kuwa heller 5 na 20 zenye herufi T. Za heller 20 pekee zilizidi milioni moja. Dhahabu ya Sekenke nayo ilitoa sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo, zipatazo 16,000: nzuri kutazama, ila si chenji ya sokoni. Korogwe ilitekwa na Waingereza Juni 1916. Septemba, Tabora nayo ikaanguka.

Marekani nayo ilipokosa chenji katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, kazi ya kugonga sarafu waliifanya wafanyabiashara. Kuanzia 1862 waligongesha vidude vya shaba vyenye majina ya maduka yao. Mwenye baa wa New York, Lindenmueller, inasimuliwa alitoa zaidi ya milioni moja. Kampuni ya tramu iliyovipokea kama nauli ilipompelekea avikomboe, alikataa, na haikuwepo sheria ya kumbana. Bunge lilipiga marufuku sarafu hizo za binafsi mwaka 1864.

Lindenmueller, kwa hesabu yoyote, alikuwa amekopa kwa wateja bila riba. Pipi ya dukani ni mbaya zaidi: mteja anauziwa asichoomba. Tanzania, haki ya kutoa sarafu ni ya Benki Kuu peke yake. Mwenye duka asiye na chenji na aiandike shilingi 100 hiyo kwenye daftari lilelile analoandikia madeni ya wateja wake.